Michungwa ya Ukerewe na Watu Walioipanda

Msafiri atokaye Mwanza kwa meli kwenda Ukerewe huyaacha nyuma majabali yaliyopandana kando ya maji, likiwamo lile maarufu liitwalo Jiwe la Bismarck, kisha kwa muda mrefu hana la kutazama ila maji na ndege. Baada ya mwendo wa saa tatu hivi kisiwa huanza kujitokeza. Mgeni hatangulii kuona nyumba wala mnara wa kanisa. Huona kwanza ukanda mrefu wa kijani kilichokolea, na meli ikaribiapo Nansio ndipo atambuapo kuwa kile alichokidhania msitu ni miembe, michungwa, migomba na mifenesi iliyozizunguka nyumba za watu. Gatini matenga ya machungwa yamekwisha kupangwa, yakingoja safari ya kurudi mjini.

Tulikwenda huko kwa ajili ya swali la mwanafunzi. Tulikuwa tukisomesha habari za wapelelezi wa Kizungu waliofika katika ziwa letu katika karne ya 19. Kijana mmoja, mzaliwa wa Ukerewe, alinyosha mkono akauliza: "Mwalimu, Stanley alipofika kwetu mwaka 1875, aliyakuta machungwa?" Darasa zima lilicheka. Sisi nasi tulicheka kidogo, jambo ambalo tunalijutia, kisha tukagundua kuwa hatukuwa na jibu. Tulijua ni mtawala gani aliyempa Stanley mitumbwi ya kuvukia. Hatukumjua hata mmoja kati ya watu walioipanda miti ambayo matunda yake tulikuwa tukiyanunua kila juma katika soko la Mwanza.

Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria, na eneo lake ni kiasi cha kilometa za mraba 530. Kwa upande wa mashariki kinakaribia kuigusa bara, kwani kimetengwa nayo na mlango mwembamba wa Rugezi, ambao wasafiri wa Bunda huuvuka kwa pantoni kutoka Kisorya. Zamani jina lake lilikuwa kubwa kuliko kisiwa chenyewe. Wafanya biashara wa misafara waliliita ziwa zima Ukerewe, na Speke alipolitazama kutoka pande za Mwanza mnamo Agosti 1858 alikuwa amekwisha kulisikia jina hilo, kabla ya kulibandika ziwa jina la malkia wake.

Historia ya matunda ya kisiwa hiki haina budi kuanza na ndizi. Wazee husimulia kuwa ukoo wa Wasilanga, uliotoa watawala wenye cheo cha Omukama, ulitoka Ihangiro, ng'ambo ya magharibi ya ziwa, chini ya uongozi wa Katobaha. Lugha ya Kikerewe ni ndugu ya lugha za huko, na mgomba nao umestawi katika pwani zote mbili. Jinsi mgomba ulivyoshikamana na maisha ya Wakerewe wa kale imeandikwa na mtu ambaye, kwa maoni yetu, taifa lilichelewa mno kumtambua. Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896, akiwa mjukuu wa Omukama Machunda, akasoma katika misheni ya Kagunguli, na mwaka 1945 akamaliza kuandika kwa Kikerewe riwaya ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Ilimbidi aitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House iliitoa mwaka 1980. Yeye alifariki mwaka uliofuata.

Katika riwaya hiyo Bugonoka anachukuliwa na wazazi wake kwa sababu hajapata mtoto na ndugu za mume wanamsimanga. Myombekere anapokwenda kumwomba mkewe, wakwe zake wanamtoza faini ya mitungi sita ya pombe ya ndizi. Mwanafunzi wa leo aweza kudhani kuwa mitungi sita ni adhabu nyepesi. Na atafakari basi kazi iliyomo. Ndizi sharti zikomae, zikatwe, zivundikwe hata ziive, zikamuliwe kwa majani, kisha maji yake yatiwe mtama uliokaangwa na kusagwa, yaachwe yachachuke. Mtu mmoja hawezi kuyafanya hayo peke yake, wala mtu asiye na shamba hana pa kuanzia. Hivyo wakwe walikuwa wakimpima mkwe wao: je, huyu anayetaka kukaa na binti yetu anayo migomba, na je, anao majirani watakaokuja kumsaidia? Hatujaona katika kitabu chochote cha shule maelezo ya uchumi wa kijiji cha kale yaliyo bayana kuliko hayo.

Matunda mengine yalikuja baadaye, na majina yake yanatusaidia kuifuata njia yaliyopitia. Nanasi, papai na pera ni maneno tuliyoyapata kwa Wareno, na mananasi na mapapai yenyewe asili yake ni Amerika. Embe na fenesi ni maneno ya Kihindi. Yote hayo yalitua kwanza pwani, kisha yakapanda bara mabegani mwa watu. Kila mtu aliyesafiri kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ameiona miembe mikubwa ya njia ya misafara, na wengi husimulia kuwa ilichipuka kutokana na kokwa zilizotupwa na wapagazi na watumwa. Wakerewe nao hawakuwa mbali na biashara hiyo. Katika enzi ya Machunda, aliyetawala hata mwisho wa miaka ya 1860, walikuwa wakifika Unyanyembe na pembe za ndovu, na misafara ya huko ikafika kwao. Pamoja na vitambaa na shanga kukaja mazao mageni, mahindi na mihogo yakiwa miongoni mwao. Leo muhogo umekuwa chakula cha kila siku kisiwani, na mtoto wa Ukerewe akiambiwa kuwa ni mgeni hawezi kusadiki.

Sasa turudi kwa Stanley, maana ndiye aliyetupeleka huko. Mtawala aliyempa mitumbwi mwaka 1875 alikuwa Lukonge, aliyemrithi Machunda. Miaka miwili baadaye, mnamo Desemba 1877, wamisionari wawili wa Kiingereza, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa papo hapo Ukerewe. Palikuwa na mfanya biashara aitwaye Songoro, aliyekuwa akiunda majahazi kisiwani; akagombana na Lukonge kwa mambo ya deni, na wamisionari wakasimama upande wake. Songoro naye akauawa pamoja nao. Mwaka 1895, baada ya ghasia dhidi ya misheni ya Kikatoliki, Wajerumani walimwondoa Lukonge madarakani. Habari hizo twazisomesha, na hapana ubaya wowote kuzisomesha. Lakini tazama ni watu gani wanaotajwa: mpelelezi, mmisionari, mfanya biashara, mtawala, askari. Watu wote walioufikia ufuko na kuondoka wana majina. Mtu aliyebaki akilima hana.

Tulimtafuta mtu wa namna hiyo pande za Kagunguli. Tulielekezwa kwa mzee mmoja ambaye michungwa yake ilikuwa imepandwa bila mistari, huku mmoja na kule mmoja, kati yake migomba na mihogo, na chini kabisa mananasi. Tulipomwamkia "Shikamoo mzee," alituitikia "Marahaba walimu" kabla hatujajitambulisha. Alisema mwalimu hutambulikana kwa jinsi anavyotazama mti kana kwamba anataka kuusahihisha.

Alituchumia machungwa yaliyokuwa kijani kibichi. Mwenzetu mmoja, ambaye si mtu wa kanda hii, alisita akidhani hayajaiva. Mzee alilimenya moja akampa, naye akanyamaza. Katika nchi za joto chungwa huiva ndani huku ganda likibaki kijani, kwa kuwa ganda huhitaji baridi ya usiku ili ligeuke rangi. Kwa hiyo lugha yetu ina rangi iitwayo ya machungwa, na michungwa ya Ukerewe haiijui rangi hiyo sana. Tuliwaza ni mara ngapi tumewapa watoto kalamu za rangi wachore chungwa, tukawakosoa waliolichora kama walivyoliona nyumbani.

Tulimwuliza mzee nani aliyeipanda ile miti. Ile mikubwa minne iliyo karibu na nyumba, alisema, aliipanda baba yake. Mbegu zilitoka kwa mtu wa Ukara aliyekuja kuoa upande huu, akazileta zimefungwa katika kipande cha nguo. "Na yule wa Ukara alizipata kwa nani?" Mzee alicheka. "Hayo mngemwuliza yeye. Baba alishukuru, akapanda. Zawadi haiulizwi ukoo wake." Tulimweleza swali la mwanafunzi wetu juu ya Stanley na machungwa. Alifikiri kidogo, akasema kuwa kama Stanley angelikula machungwa hapa angelikuwa na sababu ya kurudi.

Mchungwa uliooteshwa kwa mbegu huchukua aghalabu miaka saba au zaidi kabla ya kuzaa. Siku hizi mabwana shamba hufundisha kubebesha: mche wa mlimau hukatwa, kikonyo cha mchungwa hupachikwa na kufungwa hata viungane, na mti huo huzaa mapema zaidi. Mzee anayo miwili ya namna hiyo na anaisifu. Hata hivyo ile ya mbegu ndiyo inayotueleza habari za baba yake. Mtu anayefukia mbegu ardhini akijua kuwa hatachuma kabla ya miaka saba ametoa kauli fulani juu ya ardhi hiyo. Amesema kuwa haondoki.

Jambo hilo wenye vijiji hulijua kuliko wanasheria. Katika sehemu nyingi za nchi yetu mtu akiazimwa shamba huruhusiwa kulima viazi, mahindi au karanga, lakini haruhusiwi kupanda mti wa kudumu, kwani mti ni ushahidi. Ukara, kisiwa jirani cha upande wa kaskazini, ni mfano ulio wazi zaidi. Ni kisiwa kidogo, chenye kiasi cha kilometa za mraba 80 tu, na watu wake walijaa zamani kuliko sehemu nyingine za ukanda huu. Hawakungoja kufundishwa kilimo cha kisasa. Walifuga ng'ombe ndani ya nyumba, wakawakatia majani na kuwaletea, wakakusanya samadi na kuitia shambani. Walipanda uwele pamoja na mimea ya jamii ya marejea, kisha wakaifukia irutubishe udongo. Walijenga kingo za mawe katika miteremko. Walilima hata majani ya mifugo katika mashimo yenye maji ufukoni. Ardhi na miti vilikuwa na mwenyewe, mtu kwa mtu. Wataalamu wa serikali ya kikoloni walipoandika habari zao katika miaka ya 1930 walistaajabu. Wakara hawakuwa na sababu ya kustaajabu, kwani walikuwa wakishughulika kula.

Ukara haikuweza kuwatosha watu wake wote, wakawa wakihamia Ukerewe na bara, na pamoja nao ujuzi wao, na yaelekea mbegu nyingi zilizofungwa katika vipande vya nguo. Njia hiyo ya maji kati ya visiwa viwili ndiyo ile ambayo kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugolora, kikiwa kimejaza watu na mizigo kupita kiasi. Zaidi ya watu 200 walikufa, kivuko kikiwa karibu na gati la Ukara. Hatuwezi kuandika juu ya biashara ya mazao ya visiwani bila ya kulitaja hilo. Huko gulio ni kitu ambacho watu hukivukia maji.

Kilichotushughulisha zaidi kuliko yote tulikiona siku ya pili. Tulipita kwa bibi mmoja mjane tukamkuta amekaa chini ya mchungwa akipepeta mchele. Alituambia kuwa michungwa kumi na mmoja iliyokuwa pale aliipanda mwenyewe baada ya kuolewa, akaimwagilia kwa maji ya kichwani kutoka ziwani. Mumewe alipofariki, shemeji zake walikuja wakaihesabu. Walihesabu kwa adabu, alisema, wakamwambia aendelee kuchuma. "Lakini, wanangu, mti wako hauhesabiwi na mwingine." Akaendelea kupepeta.

Historia ya jambo hilo nayo ina tarehe zake. Mwaka 1963, mwaka ule ule ambao utawala wa machifu ulifutwa, serikali iliandika sheria za mila kwa ajili ya jamii zinazofuata ukoo wa kiume, zikatumika katika wilaya nyingi. Humo mjane hakupewa fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Alitazamiwa kutunzwa na watoto wake. Binti aliweza kurithi ardhi ya ukoo na kuitumia, ila hakuruhusiwa kuiuza. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu ya Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua shauri la mwanamke wa upande wa Bukoba aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake na kuliuza, akapingwa na ukoo. Jaji alikataa ubaguzi huo, akasema kuwa unapingana na haki zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984, na kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume katika kuuza ardhi ya namna hiyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo ikatamka usawa huo. Hukumu ile ilisomwa mjini ambako matenga ya machungwa ya Ukerewe hushushwa. Kutoka gati la Mwanza hadi kwa bibi yule ni mwendo wa saa chache tu. Hukumu imechukua muda mrefu zaidi.

Miti ya kisiwani imepatwa na mengine pia, ambayo tutayapitia upesi. Mvua kubwa za mwaka 1961 na zilizofuata zililipandisha ziwa zaidi ya meta mbili kufikia mwaka 1964, na mashamba ya ufukoni yakamezwa; mwaka 2020 maji yalipanda tena hata kukifikia, na kukipita kidogo, kipimo cha wakati ule. Katika miaka ya kuhamia vijijini, 1973 hadi 1976, watu wengi nchini walihamisha milango na mabati, lakini mwembe hauhamishiki; sehemu zenye watu wengi na mazao ya kudumu, kama Kilimanjaro na Bukoba, hazikuguswa sana. Anayetaka kujua jinsi uhamishaji ulivyochoma mioyo ya watu wa kawaida na asome Gamba la Nyoka, riwaya ya mwaka 1979 ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo hapo Ukerewe.

Kisha akaja sangara. Samaki huyo alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa amelijaza. Viwanda vya minofu vya Mwanza vilipofunguliwa, kijana wa kisiwani aliona fedha za usiku mmoja. Mchungwa wa miaka saba hauwezi kushindana na wavu wa usiku mmoja, na mzee wetu wa Kagunguli hamlaumu mwanawe aliyekwenda kambini kuvua. Anachomlaumu ni kuuza kipande cha shamba ili anunue mashine ya mtumbwi. Mashamba yenyewe yamegawanywa mara nyingi mno: sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 345,147 katika wilaya nzima, yenye ardhi ya visiwa pekee. Ndugu wanne wakigawana shamba lenye miti minne, kila mmoja hupata mti na kivuli chake.

Na bei? Mchuuzi hufika shambani na gunia lake, hulijaza hata mdomo haufungi, kisha hushonea nyavu juu yake. Lumbesa hiyo huhesabiwa gunia moja. Mkulima hana la kufanya, kwani chungwa lililochumwa halingoji, wala meli haingoji. Tuliona gatini tenga lililooza upande mmoja, mwenyewe akiliteua chungwa moja moja, bila haraka, kama mtu anayejua kuwa hata ya jana alifanya vivyo hivyo.

Tuliporudi shuleni tulikuwa na kapu la machungwa ya kijani na jibu la nusu nusu. Tulimwambia yule kijana kuwa katika habari za Lukonge na Stanley tunazozisomesha machungwa hayamo, na kuwa swali lake lilikuwa bora kuliko somo letu. Kisha tukawapa wanafunzi wote kazi ya nyumbani: kila mmoja auchague mti mmoja wa matunda kwao, aulize ni nani aliyeupanda, mbegu au mche ulitoka kwa nani, na leo ni wa nani. Madaftari yalipokusanywa tuliyasoma usiku kucha. Wengi waliandika jina la bibi, mzaa baba au mzaa mama, katika swali la kwanza. Katika swali la tatu majina yale ya bibi yalikuwa yamepungua sana. Tuliyaandika yote katika karatasi kubwa mbili, safu ya waliopanda na safu ya wenye miti, tukazibandika ukutani karibu na ramani ya safari za wapelelezi.